Zamu ya Jikoni

Wewe usomaye ukurasa huu, yamkini hujapata kulala usiku hata mmoja bila ya kujua ni paa gani litakalokufunika usiku wa pili. Kama ndivyo, shukuru. Lakini usidhani kuwa shukrani yako imekwisha kukufundisha namna ya kumpa chakula mtu aliyefikwa na hali hiyo. Kumpakulia mtu chakula ni jambo jepesi kwa mkono na zito kwa roho. Nataka tuulizane swali moja: mtu ajitoleaye kufanya kazi katika jiko la wasio na makao ana wajibu gani, zaidi ya kukiivisha chakula na kukitia sahanini?

Nianze na mahali nipajuapo. Kenyenya ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Wagusii, magharibi mwa Kenya. Vilima vyake vimevikwa migomba, miwa, mahindi na michai, na mashamba yake yamegawanywa kwa warithi, baba kwa mwana, hata mengine yamekuwa membamba kama mistari ya daftari. Zamani mtu aliyeunguliwa na nyumba alipokewa na ndugu zake, na mambo yakaisha. Aliyekuwa na shamba kubwa na mikono michache aliita risaga, majirani wakaja kulima pamoja, naye akawalisha. Kwenye matanga mpaka leo majirani huja na kuni, unga na ndizi. Wanawake hushika miiko na vijana huteka maji. Angalia jambo moja katika desturi hizi: alaye leo alipika jana, au atapika kesho. Kwa hiyo hakuna alaye akiwa ameinamisha macho.

Sisemi kuwa udugu huo haukuwa na ila. Watu wale wale wajuao kupokea wamejua pia kufukuza. Mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa moto katika Kisii kwa kushutumiwa uchawi. Na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa shutuma iyo hiyo. Mzee anayeogopa majirani zake hana makao, hata kama nyumba yake bado imesimama. Nayasema haya ili usije ukadhani kuwa mtu hukosa makao kwa uvivu wake, au kwamba ni jambo la miji mikubwa peke yake.

Mwaka ule ule wa 2008, ulipoanza, nchi yote ilikuwa katika majonzi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 fujo zilizuka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na malaki ya watu walikimbia makwao. Miongoni mwao zilikuwamo jamaa za Kigusii zilizokuwa zikiishi Bonde la Ufa. Zilirudi katika vilima vya babu zao, na baadhi yake zilikuta kwamba hazina huko hata pande la ardhi la kusimamisha kibanda. Mimi nilikuwa kijana wakati ule, nikajiunga na watu waliojitolea kupika katika kiwanja cha kanisa moja. Tuliinjika masufuria makubwa juu ya mawe matatu, wengine wakasonga ugali, wengine wakapasua kuni. Nami nilipewa upawa.

Niliupenda upawa ule kuliko ilivyofaa. Mwenye upawa huonekana. Kila apakuliwaye humtazama usoni na kumshukuru. Kusugua sufuria iliyogandamana ukoko, nyuma ya jengo, hakuonwi na mtu wala hakuna akushukuruye. Nakiri kwamba siku tatu za kwanza sikupata kufika nyuma ya jengo.

Siku ya nne bibi mmoja, aliyekuja na wajukuu wawili, alitoka katika mstari wa walaji, akaketi penye rundo la chinsaga, ile mboga yetu chungu, akaanza kuyachambua majani. Hakuomba ruhusa. Kiongozi wetu, ambaye kwa kweli alikuwa mtu mwema, alimwendea upesi akamwambia kwa upole, "Mama, wewe ni mgeni wetu. Nenda ukapumzike, kazi hii ni yetu sisi."

Bibi hakuinua macho. Akajibu, "Mwanangu, nimepumzika siku nne. Nimepika nyumbani kwangu miaka arobaini. Mkininyima na mboga, mtakuwa mmekichukua kile walichokisahau walionichomea nyumba."

Kiongozi alisimama kitambo, kisha akaenda akamletea ungo.

Kabla ya jua kuchwa wanawake waliochambua pamoja naye walikuwa sita. Chakula chenyewe kilipata nafuu, kwa maana sisi vijana hatukujua kuwa chinsaga yataka kuchemshwa sana na kutiwa maziwa ndipo uchungu wake upungue. Watu walikuwa wameila siku tatu ikiwa chungu, wakatushukuru. Nadhani shukrani zile ndizo zinionazo haya zaidi hata leo: mtu asiye na pa kwenda hawezi kukuambia kuwa mboga yako haifai.

Hapa ndipo nionapo jibu la swali letu. Katika risaga na katika matanga kuna zamu, na zamu ndiyo imfichayo mlaji aibu. Jiko la wasio na makao huikata zamu: upande mmoja hutoa siku zote, na upande wa pili hupokea siku zote. Ajitoleaye ana wajibu wa kuirudisha. Asipoirudisha atawashibisha watu, na huku atawafundisha kwamba wamekuwa watu wa kupewa tu.

Utaniuliza: je, mgonjwa, au mama mwenye mtoto mchanga, au aliyetembea usiku kucha kwa hofu, naye afanyishwe kazi ndipo ale? Hasha. Kumwambia mwenye njaa kwamba asipochambua mboga hatakula ni kumwuzia chakula kwa jina la sadaka. Nisemalo ni kwamba kisu kiwekwe mahali pa kuonekana, na atakayekishika asizuiwe.

Wako watu walioyajua haya kabla yetu. Katika Makindu, kwenye njia ya Nairobi na Mombasa, lipo hekalu la Wasikh, wale wenye vilemba tunaowaita Makalasinga, lililojengwa mwaka 1926. Msafiri aingiaye hulishwa bila ya malipo na bila ya kuulizwa dini wala kabila. Desturi yao tangu zama za Guru Nanak, yapata miaka 500 iliyopita, ni kwamba watu wote waketi safu moja, tajiri kando ya maskini, wale chakula kimoja. Na anayependa kusaidia huingia jikoni. Huwezi kumtambua kwa sahani yake nani mtoaji na nani mhitaji.

Neno moja zaidi kwa ninyi wanafunzi. Wengi wenu mtaingia katika majiko haya kwa ajili ya Tuzo ya Rais, iliyoanzishwa katika Kenya mwaka 1966, ambayo humtaka kijana ahudumie jamii kabla ya kupata nishani ya shaba, ya fedha au ya dhahabu. Wakali husema kwamba wema ufanywao kwa kutaka nishani si wema. Mimi si mkali hivyo; ugali uliosongwa kwa ajili ya nishani hushibisha kama mwingine. Lakini jichunguze juma lifuatalo, hati zikiwa zimekwisha kutiwa sahihi, kama miguu yako itakupeleka tena.

Miguu yangu ilinirudisha siku ya tano, mapema, nikitafuta upawa wangu. Nilimkuta bibi yule amesimama penye sufuria, wajukuu wake wakipanga sahani. Aliunyosha mkono, nikampa upawa. Kisha akanionyesha kwa kidevu sufuria ya jana, iliyokuwa imelowekwa maji tangu alfajiri. Nikachota majivu, nikaichukua, nikaenda nayo nyuma ya jengo.