Mwenye Kuingiliwa na Wezi Nyumbani Mwake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ama baad. Katika mambo ambayo watu huyahukumu barazani kwa haraka, pasina kuyarejeza kwa wanavyuoni, ni hali ya mtu aliyeingiliwa nyumbani mwake usiku na wezi wenye silaha, kisha Mwenyezi Mungu akamsalimisha. Hapo kulla aliyelala salama kwake usiku ule huamka shujaa, akasema: "Lau ningalikuwa mimi, wasingalitoka wazima." Na yule aliyesalimika huyasikia maneno haya, akaona haya kupita sokoni, kana kwamba yeye ndiye aliyeiba.

Suwala lenyewe ni hili. Mtu mmoja, na aitwe Zaid kwa desturi ya wanavyuoni wapigapo mifano, asili yake ni Lindi mjini, naye amehamia Kiegei katika wilaya ya Nachingwea. Ana mkewe, ana binti, ana mwana wa kiume wa miaka 12, na ana mikorosho yake. Nchi ile ni nchi ya korosho na ufuta, na fedha ya korosho haina siri. Magunia hupimwa mbele za watu katika ghala la chama cha ushirika, na bei ya mnada hutangazwa. Basi mwenye kuyajua magunia na bei amekwisha kuijua fedha. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kuwa itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, hata mtoto wa chuoni aliweza kupiga hesabu ya mfuko wa jirani yake.

Zaid alikwenda benki Nachingwea mjini, akatoa fedha zake, akarudi nazo. Usiku wa pili mlango ukavunjwa kwa jiwe, lile jiwe kubwa ambalo majambazi wa nchi hii huliita Fatuma. Na hilo peke yake ni utovu wa adabu, kukipa chombo cha dhulma jina la binti wa Mtume. Wakaingia watatu. Mmoja alikuwa na gobore, wawili walikuwa na mapanga. Zaid alikuwa na panga lake chini ya kitanda, wala hakulishika. Aliutoa mkoba wa fedha akawapa, akasimama baina yao na mlango wa chumba walimolala wanawe. Mkewe alikuwa uani. Akapiga ukelele, majirani wakaamka, wezi wakakimbia. Wawili wakapotea mashambani. Wa tatu aliangukia shimo lililochimbwa kwa ajili ya choo, mkoba u chini yake, akashikwa. Fedha zikarudi zote. Asubuhi yake yule mwana akamwuliza babake: "Baba, mbona panga lilikuwapo na hukulishika?" Zaid hakuwa na jawabu.

Jawabu lipo katika vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafi, na lina karne nyingi. Wanavyuoni wameufungia mlango mzima mtu mwenye kushambulia, ambaye kwa Kiarabu huitwa saili. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameieleza mas-ala hii katika Minhaji, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani wamekisoma vizazi kwa vizazi. Hukumu si moja. Mwenye kushambuliwa kwa ajili ya mali yake ana haki ya kupigana, na akiuawa ni shahidi, kwa hadithi iliyo sahihi. Lakini haki si wajibu. Mtu akiiacha mali yake iende, hana dhambi, wala sharia haikumwita mwoga. Kuna waliotoa humo mali iliyo amana ya mwingine, wakasema kuwa hiyo huitetea maadamu haogopei nafsi yake. Na fedha za Zaid hazikuwa amana ya mtu.

Ama heshima ya wanawake, hapo hapana khiari: ni wajibu kuitetea, maadamu haikhofii nafsi yake. Na kwa ajili hii msomaji na atazame pale Zaid aliposimama. Hakusimama mbele ya fedha, alisimama mbele ya mlango wa binti yake. Watu wa barazani wameuhesabu mkoba, wala hawakuuhesabu mlango.

Imebaki nafsi. Akishambuliwa Muislamu na Muislamu mwenziwe kwa kutaka kuuawa, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa kujisalimisha kwafaa. Na dalili kubwa wanayoitaja ni Sayyidna Uthman bin Affan, radhi za Mungu ziwe juu yake, alipozingirwa nyumbani mwake Madina mwaka 35 wa Hijra. Walikuwapo mlangoni watoto wa masahaba na panga zao, Hasan bin Ali akiwa miongoni mwao na Abdullahi bin Zubeir, na walikuwapo watumwa wake tayari kupigana. Akawakataza wote, na yasimuliwa kuwa aliahidi uhuru kwa mtumwa atakayeweka silaha chini. Aliuawa humo na Msahafu mbele yake. Nani atakayethubutu kusema kuwa Uthman alikuwa mwoga? Na Zaid hakufika hata daraja hiyo, kwani yeye alitoa fedha ili nafsi zibaki. Khofu yake nayo haikuwa ya bure. Septemba 2022, Dar es Salaam, vijana wenye mapanga wanaoitwa Panya Road waliingia majumba ya watu usiku, na huko Kawe mwanafunzi mmoja akauawa. Mwenye panga aliyekwisha vunja mlango hajulikani atakomea wapi.

Kisha hata yule achaguaye kupigana hakupewa ruhusa isiyo na mwisho. Sharia imempangia ngazi: akiweza kumzuia mwizi kwa maneno au kwa kupiga kelele, asimpige, mkono ukitosha, asishike fimbo, fimbo ikitosha, haramu kwake kukata, kiungo kikitosha, haramu kuua. Na akiweza kukimbia akapona, akimbie. Ngazi huachwa pale tu mambo yanapochanganyika na mtu asiweze kuzipanga. Ukelele wa mke wa Zaid ulikuwa ngazi ya chini kabisa, nao ndio uliowatoa wezi.

Sasa lije lile lililo zito zaidi, nalo halikuwa ndani ya nyumba, lilikuwa shimoni. Walipokuja majirani na mienge, yule mwizi mguu wake ulikuwa umevunjika na panga lake limeanguka mbali. Akatolewa. Vijana wakashika mawe, mmoja akakimbilia tairi kuukuu na mafuta ya taa, na watu wenye umri wao wakanyamaza. Mambo haya yanajulikana Bara na visiwani: hupigwa ukelele wa mwizi, na kabla ya askari kufika mtu amekuwa maiti, na mara nyingine ikathubutu baadaye kuwa maiti yule hakuwa mwizi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na wanakosea kwa jina la dini. Husema: "Si sharia imeruhusu kumwua?" Imeruhusu kumzuia. Kuua kumeingia kwa sababu ya kuzuia, na sababu ikiondoka ruhusa imeondoka pamoja nayo. Mtu aliyevunjika mguu, hana silaha, amezungukwa na wanaume ishirini, hashambulii tena. Damu yake imerudi kuwa haramu kama ilivyokuwa jana, na atakayempiga jiwe akafa ameua nafsi, na kisasi au dia yamhusu. Hata akiwa ni katika wale waitwao wakata njia, na Minhaji imewaingiza humo wenye kuwashinda watu nguvu ndani ya mji pasipatikane msaada, adhabu zao haziko mikononi mwa majirani wenye tairi. Ziko kwa mwenye mamlaka, baada ya ushahidi. Na Kur-ani katika Sura ya Maida imewatoa katika adhabu hizo waliotubu kabla ya kushikwa. Huyu alishikwa kabla ya kutubu, lakini kushikwa hakumfungii mlango wa toba kwa Mola wake. Fudheil bin Iyadh alikuwa mkata njia baina ya Abiward na Sarakhs, na toba yake ilimfikia usiku akiparamia ukuta wa nyumba ya watu. Alifariki Makka mwaka 187 wa Hijra, na katika waliopokea hadithi kwake ni Imamu Shafi mwenyewe. Usiku ule angalishikwa na watu wenye tairi, ukuta ule ungalikuwa mwisho wa khabari yake.

Zaid, aliyekuwa bado anatetemeka, aliingia katikati ya watu akamlalia yule mwizi, mpaka mwenyekiti wa kijiji akafika. Jiwe moja lilimpata begani. Hilo halikusemwa barazani.

Yakabaki wale wawili waliokimbia. Mashemeji wa Zaid walitaka twende, wakasema, kwa mganga wa ramli awataje. Juu ya hili maneno ni machache. Mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza, sala yake haikubaliwi siku arubaini, kama ilivyopokewa na Imamu Muslim. Na ramli hizi zimewafanya majirani wachomeane nyumba kwa jina lililotoka katika mchanga. Zaid alikataa, mashemeji wakamnunia.

Baada ya majuma mawili askari wakamshika kijana wa kijiji cha pili, mwenye sifa mbaya kwa kuiba kuku na baiskeli. Kila mtu alisema ndiye mwenye gobore. Kesi ikapelekwa mahakamani, na Zaid akaitwa kutoa ushahidi. Na ajue msomaji uzito wa neno aliloulizwa: katika sharia ya Tanzania unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Mahakama ya Rufani nayo, katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, imewaonya mahakimu kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, wala usitegemewe mpaka iondoke shaka ya kukosea; wakaagiza itazamwe mwanga ulikuwaje, umbali ulikuwa kiasi gani, na shahidi alimtazama mtu kwa muda gani. Wanavyuoni wetu wamesema yaliyo karibu na hayo, kwani ushahidi wa tendo la mtu sharti lake ni kuona, si kudhani. Na Kur-ani imewakataza waumini wasiache chuki yao kwa watu iwafanye wasifanye uadilifu.

Mwendesha mashtaka akamwuliza: "Huyu ndiye aliyekuwa na bunduki?" Zaid akamtazama yule kijana kwa muda. Mashemeji walikuwa wamekaa nyuma, na yule mwana wa miaka 12 pamoja nao. Akasema kuwa taa ilikuwa chini, karibu na kitanda; mwenye gobore alisimama mlangoni, uso umefungwa kitambaa; sauti yake aliisikia mara moja tu. Yule aliyetolewa shimoni anamjua, na atamshuhudia. "Huyu simjui."

Walirudi Kiegei jioni, mashemeji wakatangulia bila ya kusema naye neno. Mwana alibaki nyuma, akawa anatembea na babake.