Onegaishimasu na Hosana

Vijana wapendwa, kuna swali linazunguka sana kwa wale mnaojifunza karate: je, kuinama mbele ya sensei ni dhambi? Wengine wameshaambiwa kwamba ni kuabudu miungu ya Wajapani, na kwamba hata yale maneno yanayotamkwa mazoezini ni ya kipagani. Basi kijana anapenda karate yake, lakini hataki kumkosea Mungu. Tusimcheke, ni swali zito.

Mimi pia nafanya karate, kwa hiyo nianze na maneno. Sensei maana yake ni aliyetangulia kuzaliwa, yaani mwalimu. Wajapani humwita hivyo hata daktari. Hajime ni anza, yame ni acha. Rei ni heshima, na ndiyo amri ya kuinama. Dojo ni mahali pa njia, na hapa tuseme ukweli, neno hili limetoka kwa Wabudha. Lakini neno halifungwi na asili yake. Hata "liturujia" kwa Wagiriki wa kale ilikuwa huduma ya umma tu, kabla Kanisa halijaichukua.

Na kuinama je? Soma Mwanzo 23. Abrahamu amefiwa na Sara, anatafuta mahali pa kumzika, anainama mbele ya Wahiti. Baba yetu wa imani hakuwaabudu Wahiti! Mt. Thoma wa Akwino anatenganisha ibada, ambayo ni ya Mungu peke yake, na heshima tunayowapa watu. Sisi wenyewe tunasema shikamoo, ambayo asili yake ni kushika miguu, na sijasikia mwanakwaya aliyeiungama. Kwa hiyo inama kwa mwalimu, inama kwa mwenzako. Ila baadhi ya dojo huwa na rafu ya ibada ya Kishinto ukutani. Ukiambiwa uombe pale, kataa kwa adabu.

Kinachonisumbua zaidi ni kingine. Kabla ya kuanza na mwenzako unasema onegaishimasu. Ni ombi: naomba unisaidie. Mkimaliza unasema arigato gozaimashita, asante kwa yaliyopita, na unamwambia mtu aliyetoka kukupiga ngumi ya mbavu. Wapo wanaobwata maneno haya miaka mitatu bila kuuliza maana.

Sasa njoo Jumapili. Hosana ni neno la Kiebrania, ni kilio: utuokoe, twakusihi! Nasi tunaliimba huku tunachungulia simu. Padri anasema "Mwili wa Kristo", tunajibu "Amina" kama mtu anayeitikia jina darasani, wakati tunathibitisha kwamba ni kweli, ni Yeye.

Mt. Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima, Japani, tarehe 15 Agosti 1549. Mwanzoni alimtangaza Mungu kwa jina "Dainichi", alivyoshauriwa na mkalimani wake. Baadaye akagundua kwamba wasikilizaji walikuwa wanamsikia akimtaja Buddha. Unaona hatari? Watu wanaitikia vizuri kabisa, kumbe kila mmoja ana wake moyoni. Aliuliza, akaelewa, akaliacha jina lile. Akaanza kusema Deus, neno la Kilatini ambalo hakuna Mjapani aliyelijua, na ikabidi alieleze upya, mji hadi mji.