Uhuru Ilirushwa Malindi

Jioni hupanda juu ya paa hapa Mjambere kutazama ndege zikienda kutua uwanja wa Moi. Mamangu huuliza, "Mwanangu, utakula mawingu?" Chuo niliacha kwa kukosa karo, kwa hivyo swali lake si mzaha.

Zamani nilikuwa namjibu kwa majigambo ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco baharini, Waitaliano walirusha roketi ya Marekani. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru, maana siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru. Kupitia kwayo wanasayansi wakaanza kushuku kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi.

Lakini je, fahari hiyo ni yangu? Bahari ni yetu, jina ni letu, ikweta ipo karibu. Hesabu walipiga wengine. Naona kujivunia kazi usiyoifanya ni kama kukopa: haramu si kukopa, haramu ni kutolipa. Mimi nimeanza kulipa kwa kurudia fizikia ya sekondari, usiku, baada ya kazi.

Mamangu bado anauliza. Ana haki.