Kimo cha Mtoto na Kudura ya Mungu

Katika vijiji vya Bahi, mtoto wa miaka minne akiwa na kimo cha mtoto wa miaka mitatu hakuna amshangaaye, maana wenziwe anaocheza nao ni wafupi vilevile. Mzazi akiulizwa hujibu kwamba ndivyo Mwenyezi Mungu alivyomwumba. Jawabu hili lina sura ya imani, na kwa sababu hiyo yatupasa kulipima kwa makini, kwani kumsingizia Mungu kazi ya mikono yetu si imani hata kidogo.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya ukuaji vilivyotokana na watoto wa Ghana, Uhindi, Oman, Brazil, Norway na Marekani. Ilidhihirika kwamba watoto wadogo waliolishwa vema na kukingwa na maradhi hukua karibu sawasawa, wawe weusi au weupe. Basi udumavu hauji kwa ukoo.

Wengine watasema sababu ni ukame. Ni kweli kwamba Ugogo una msimu mmoja tu wa mvua, na simulizi za Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920 iliyofuata majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, hazijasahauliwa. Lakini uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Iringa, mkoa wa mahindi na mboga tele, ni 57! Ghala lililojaa, kumbe, silo peke yake limkuzalo mtoto.

Natuingie basi nyumbani. Miezi ya kulima ndiyo miezi ya ghala tupu, na mama mwenye mimba hushika jembe mpaka siku zake zinapokaribia. Akijifungua hurudi shambani upesi. Mtoto akianza kula hupewa uji mwepesi wa uwele, baadaye ugali na mlenda, mara mbili kwa siku, hali tumbo lake ni dogo kama ngumi na halishiki cha kumtosha mpaka jioni. Maji ya visima vya mchangani humharisha, na alichokila hakimfai kitu. Nafaka iliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu. Mwaka 2016 sumukuvu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga, kunde na ubuyu vipo, lakini karanga huenda mnadani, pamoja na mayai.

Ni nani atakayeulizwa? Desturi humlaumu mama. Kurani Tukufu (2:234), inapotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, papo hapo yamwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvika mama kwa wema, tena yakataza mama asitaabishwe kwa sababu ya mtoto wake. Nusu ya kwanza ya aya hii twaihubiri sana. Ya pili, nakiri, sisi wanaume huipita mbio. Hata saumu ya Ramadhani mwenye mimba na anyonyeshaye wameruhusiwa kuiahirisha. Iwapo Mungu Mwenyewe amempunguzia mzigo katika ibada Yake, mume apata wapi haki ya kumwongezea shambani?

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake iliyosomwa Lahore Desemba 1896, alieleza jinsi hali ya mwili inavyoathiri roho, na chakula kinavyoathiri tabia. Mtoto aliyedumaa hapungukiwi urefu tu. Ubongo wake nao hukosa haki yake katika siku zile za mwanzo, na atakapoketi darasani huitwa mzito wa kuelewa. Ni vigumu sana kuirudisha miaka miwili ya kwanza ikishapita.

Asiyejua hana dhambi ya ajuaye, na wengi wa wazazi wetu hawakuambiwa. Udhuru huo ni mzito. Lakini hautufai sisi tuliokwisha kusoma, wala haumfai mwenye zizi ajuaye kwamba maziwa ni chakula. Ndugu zangu wenye mifugo hapo Bahi, maziwa ya jana jioni yalikwenda wapi?