Kuukataa Ujira Mdogo: Kiburi au Haki?

Tumchukulie kijana wa Shirimatunda, kata iliyo katika Manispaa ya Moshi. Amemaliza masomo, ameomba kazi ya ukarani, naye ameitwa kwenye usaili. Lakini tangazo limetaja mshahara ambao, ukiondoa nauli na kodi ya chumba, haumfikishi mwisho wa mwezi. Anaamua kutokwenda. Wazee wanamwona ana kiburi, nao wanamkumbusha kuwa heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Je, amekosa?

Taifa letu lilipata kukabili swali linalokaribiana na hili. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwamo lile la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, wakarudi makwao. Lakini papo hapo alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hapa pana mafunzo mawili. Wanafunzi wale walisomeshwa kwa jasho la wakulima, hivyo walikuwa na deni. Na amwambiaye mwenzake aridhike na kidogo hana budi kuanza yeye.

Mwajiri atafutaye faida hamdai kijana wetu deni la namna hiyo. Kwa hiyo kumkatalia si utovu wa uzalendo. Kuidharau kazi ni kosa; kuukataa ujira usiomlisha mfanyakazi si kuidharau kazi, bali ni kuipa heshima yake.

Hata hivyo, tusisahau jambo moja. Kijana mwenye kihamba cha wazazi wake, chenye migomba na kahawa, aweza kukataa na bado akala. Asiye na kihamba atakwenda usailini, atakubali, na ujira utabaki vilevile. Basi uhuru wa kukataa, ukiwa wa mtu mmoja, ni bahati tu, haujawa haki.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walilitambua hilo zamani. Walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama cha Ushirika, KNCU, ili wauze kwa sauti moja, kwa kuwa mwenye gunia moja hana nguvu ya kubishana bei. Wafanyakazi nao wamepewa njia hiyo: sheria za kazi za mwaka 2004 zinawaruhusu kuunda vyama, na zinaweka bodi za kupendekeza kima cha chini cha mshahara.

Kwa hiyo twasema kijana yule hakukosa kukataa. Atakosa akinyamaza. Na amwandikie mwajiri kwa adabu, amweleze sababu. Kisha ajiunge na wenzake, ili hata yule asiye na kihamba apate siku moja kusema: hapana.