Maji ya Moto Porini: Nani Alibeba Kuni?



Leo tujiulize swali dogo: kuoga maji ya moto porini ni anasa au ni haki yako tu?

Katika baadhi ya kambi za mahema kule Serengeti, maji ya kuoga hupashwa kwa kuni. Jioni mfanyakazi anamimina kama lita 20 kwenye mfuko wa turubai unaoning'inia nyuma ya hema. Mgeni anafungua bomba, vumbi la siku nzima linaondoka. Raha kweli!

Kuna watakaosema Mkristo imara anaoga baridi. Tusikimbilie huko. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza kama usingizi na kuoga vinapunguza huzuni, akajibu ndiyo. Alimtaja Mtakatifu Augustino ambaye, mama yake Monika alipofariki, alikwenda kuoga, kisha akalala, akaamka huzuni imepungua. Mwili ni zawadi ya Mungu. Kuutuliza siyo dhambi.

Ila swali la haki bado lipo. Moto wa wazi hupoteza joto jingi, kwa hiyo lita 20 zinaweza kula kilo moja ya kuni kavu au zaidi. Ni kidogo, eti? Basi piga hesabu ya wageni 10 kwa siku 30: kilo 300. Kilimanjaro kuni zimepigwa marufuku, wanatumia gesi. Sawa, msitu unapona, lakini mtungi wa gesi haupandi mlima wenyewe. Unapanda na mpagazi.

Yaani kila joto lina mtu nyuma yake. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitutaka tusikie kilio cha dunia pamoja na kilio cha maskini. Kwa hiyo uliza: ndoo moja haitoshi? Aliyepasha maji analipwa vizuri? Na yeye jioni anaoga nini?

Usiseme hayo ni ya watalii. Dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukuchemshia maji, yeye anaoga ya moto au ya baridi? Kama hujui, anza hapo. Kumshukuru Mungu kwa maji, huku humwoni aliyeyaleta, ni shukrani nusu.

Mungu awabariki.