Dumas Baba na Dumas Mwana

Je, jina la baba ni hidaya kwa mwana au ni deni? Alexandre Dumas, aliyezaliwa nje ya ndoa mwaka 1824, alitambuliwa kisheria na baba yake mwaka 1831. Wahakiki wa Kifaransa huwatofautisha wawili hawa, wote waandishi, kwa père na fils, yaani baba na mwana. Wapo wanaodai kuwa fils humdunisha mwana. Hatuafikiani nao. Kwa mtunzi wa Le Fils naturel (1858), tamthilia inayohusu mwana wa nje ya ndoa, neno hilo lathibitisha haki iliyocheleweshwa. Isitoshe, baba naye amebandikwa alama: alikuwa Dumas tu, hadi mwana alipoanza kusomwa.